Baba, Mimi Ndiye Niliyesema Mti Ukatwe

Baba yangu, popote ulipo, na bila shaka uko nje,

Habari hii nataka uipate kwangu kabla hujaipata kwa mtu mwingine. Ule mti wa mkongo wa shambani kwako Chanika haupo tena. Hakuukata mwizi wa mbao. Wala Shabani, mwanao mdogo, hakuukata kwa kunificha. Mafundi walisimama na msumeno wao, Shabani akanitazama usoni, akasema, "Dada, sema wewe." Nikasema.

Najua unachofikiri. Huyu si ndiye mwanangu aliyejaza magazeti kwa hasira za miti? Ndiye huyo huyo. Miaka yote hii nimegombana na wenye mamlaka, na wajenzi, hata na wasomaji wangu mwenyewe, kwa sababu ya jiji linaloogopa kivuli. Mtu akipata kiwanja Dar es Salaam, kwanza anafyeka kila kilichosimama, halafu anawatangazia wenzake, "Nimeshasafisha." Anamaanisha miti. Niliwahi kuandika kwamba watu wanaouona mti kuwa uchafu watakuja kununua upepo kwa umeme, na watastahili. Ulinipigia simu siku ile. Ulisema, "Nimesomewa maneno yako. Makali. Sasa njoo Jumamosi tukatembee, hasira zikutoke miguuni."

Barua hii naiandika hadharani, kwa hiyo nivumilie nikikueleza wewe kama vile hujijui. Wapo watakaoisoma ambao hawakubahatika kukufahamu.

Ulikuwa fundi wa maturubai, Temeke. Cherehani yako nzito ilikaa barazani, haikuingia ndani hata masika yalipokuchapa magotini. Ulishona maturubai ya malori, ya harusi na ya misiba. Mama, Mungu amrehemu, alikuwa akisema ameolewa na mtu anayewashonea wenzake paa, naye mwenyewe kukaa chini ya paa hawezi. Ulikula nje. Ulisikiliza redio nje. Ulinyolewa nje. Mgeni akikaribishwa sebuleni, ulisimama mlangoni ukamwuliza anaumwa nini mpaka akae ndani.

Jumamosi zilikuwa za Chanika. Bibi, mama yako, alikuachia shamba jembamba kama mkono wa kanzu, linaloanzia barabarani na kuteremka mpaka bondeni. Wenzako walipanda minazi na mikorosho ya mauzo. Wewe ulipanda mihogo kidogo karibu na barabara, ili watu wasiseme huna akili, halafu sehemu yote iliyobaki ukaiacha iwe pori. Ulikuwa ukinichukua mimi, mtoto wa kike, Shabani akiwa bado mgongoni kwa mama. Shangazi alikujia juu siku moja, mikono kiunoni.

"Mtoto wa kike unampeleka porini akatafute nini?"

"Akatafute miguu yake," ukamjibu, na tukaondoka.

Tulipofika hukuniruhusu kusema neno. Tulikaa chini, kwenye majani, tukanyamaza. Ulisema masikio ya Temeke hayasikii kitu, lazima yangojewe yafunguke. Na kweli yalifunguka, baba. Kwanza nilisikia upepo tu. Halafu nikasikia kwamba upepo kwenye mkongo haufanani na upepo kwenye nyasi. Halafu nikasikia ndege, hondohondo wakigombana juu, na dudumizi akiita mvua huko bondeni, na kitu kidogo kikitafuna kitu kidogo zaidi karibu na kiatu changu. Nimesoma vitabu vingi tangu hapo. Naweza kukaa na watu wenye shahada nikabishana nao mpaka wakaaga. Lakini kusikiliza sikufundishwa darasani, na wanaonisoma wanajua kwamba hata ulivyonifundisha wewe sikuhitimu.

Mambo mengine ulikuwa ukitunga. Niseme ukweli, maana marehemu huku kwetu husifiwa mpaka akawa mtu mwingine. Kulikuwa na ndege mdogo mwenye mkia wa kuchezacheza, uliniambia anaitwa mfungua-kikapu. Nilikua na jina hilo. Nikalitaja chuoni mbele ya watu, wakacheka. Nilipokuja kukusuta, ulikuwa unavuta uzi kwenye sindano, hukuinua hata uso. "Yeye mwenyewe hajalalamika," ukasema.

Na ile siku ya vilima vya Pugu, tulipozunguka mpaka jua likageuka upande. Nilikuuliza kama tumepotea. "Hatujapotea. Kupotea ni kwa mtu anayejua anakokwenda." Nilikuwa na kiu, nyayo zinawaka, nikataka kulia. Ulinipasulia tunda la tonga kwenye jiwe, ukanipa ninyonye mbegu moja moja, na kufikia ya mwisho nilikuwa nimesahau nilichotaka kulilia. Mama alitupokea mlangoni na ufagio. Wewe ulipigwa kwanza.

Ulipozeeka niliamini utatulia. Ukapata wajukuu, na mambo yakawa mabaya zaidi. Shabani alishaoa na kupanga Mabibo, watoto watano vyumba viwili, na wewe na fimbo yako ukawa unakwenda kuwachukua. Rukia, mkubwa wao, alirudi siku ya kwanza na kupe sikioni na furaha ambayo mama yake hakuielewa. Uliwalaza kifudifudi juu ya kipande cha turubai watazame siafu wakihama. Mdogo wao alipouliza siafu wanahamia wapi, ulimwambia, "Hata wenyewe hawajaambiwa. Yule wa mbele tu ndiye anajua, na yeye anajifanya." Shabani alikuwa akinipigia simu analalamika huku anacheka. "Mzee ananiletea watoto wamejaa matope," anasema, "halafu ananiuliza kwa nini hawali."

Kwangu Tegeta ulikuja mara chache. Nyumba niliyopanga imezungushiwa ukuta, na uwanja wote umefunikwa kwa matofali ya zege mpaka kwenye ngazi. Ulikaa kwenye kiti cha plastiki katikati ya uwanja ule, ukagonga chini kwa fimbo. "Mvua ikinyesha, maji yanakwenda wapi?" Nikakwambia yanakwenda kwa jirani. Ulitikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa habari ya mgonjwa. Ndipo nilipoandika ile makala ya matofali, iliyowakera watu kuliko zote. Hasira ilikuwa yangu. Swali lilikuwa lako.

Halafu ukafa. Kuandika neno hilo bado kunanishinda, ingawa ni fupi.

Msiba uliwekwa Temeke, chini ya turubai ulilolishona wewe, kwa sababu hakuna turubai kubwa mtaani ambalo hukulishona. Mimi nilikuja na vita yangu kama kawaida. Niligombana na kijana wa kamera aliyetaka wafiwa tujipange kama timu ya mpira. Niligombana na mwenye spika. Shangazi alinivuta kando, akasema, "Mwanangu, hapa hakuna wa kushindana naye. Kaa." Nikakaa. Lakini sikulia. Nilikuwa nimekauka kama ngozi ya ngoma, na watu walishaanza kunitazama.

Ndipo akaja Bi Kabula. Unamjua, Mnyamwezi wa mtaa wa nyuma, mtani wako tangu mkiwa vijana. Kwa sisi Wazaramo, mtani wa Kinyamwezi ana haki msibani ambayo ndugu hana: anaweza kumcheka marehemu, kumwigiza, hata kushika mali yake, na hakuna anayeruhusiwa kukasirika. Aliingia uani kwa wanawake amevaa viatu vyako vya mvua, vinampwaya, na chapeo yako ya ukindu. Mkono mmoja nyuma, kama wewe. Akapinda mgongo, kama wewe. Akapita katikati yetu akitazama juu.

"Nyie mmejazana humu kama dagaa kwenye gunia," akasema kwa sauti yako. "Jua limewafanya nini?"

Wanawake wakaanza kucheka ndani ya kanga.

"Mzaramo huyu hajafa, nawaambia. Amesikia masika yanakuja na nyumba yake inavuja, akaona ahame mapema. Miaka yote anashona maturubai, lake mwenyewe limemshinda kuziba. Wazaramo nyie, kazi yenu ngoma tu."

Shangazi akamjibu huku machozi yanamtiririka, "Na nyie mlikuja Pwani mmebeba mizigo ya watu vichwani, mpaka leo shingo hazijanyooka."

"Hazijanyooka kwa sababu tunawainamia nyie mlivyo wafupi."

Akafika mbele yangu. Akainama, akanitazama chini ya ukingo wa chapeo yako, na ile chapeo ilikuwa na harufu yako, baba, jasho na majani yaliyokauka. Akasema polepole, "Wewe. Mbona uko ndani?" Hapo nikalia. Nililia mpaka nikashikwa na watu wawili, na Bi Kabula alikaa chini na viatu vyako, akalia pamoja nami.

Ugomvi ulikuja baadaye, siku ya arobaini. Hitma ilishasomwa, wageni wameondoka, tumebaki mimi na Shabani na shangazi, na Bi Kabula anasugua masufuria uani. Shabani akasema anataka kujenga Chanika. Kwa hesabu ya mirathi mafungu mawili ni yake, moja langu. Sikubishana na hesabu. Nilibishana na pori. Nilimwambia pale ndipo baba alipo zaidi kuliko makaburini. Nilimwambia pande zote wamejenga, ukuta kwa ukuta, na kile kipande ndicho pafu la mwisho lililobaki kwenye barabara ile. Maneno yalinijia mazuri mazuri, yenye makali, kama yanavyonijia ninapoandika. Nadhani nilisimama.

Shabani hana maneno mengi, unamjua. Alinisubiri nimalize.

"Dada, mie sijui kuongea kama wewe. Mvua ya juzi maji yameingia tena. Watoto wamelala juu ya meza. Rukia kalala amekaa."

"Kwa hiyo tukate pori la baba?"

"Baba alipenda nje kwa sababu ndani alikuwa nako. Akichoka huko nje, anarudi kwake. Wanangu wanashinda nje kwa sababu ndani hakuna pa kukaa. Nje yake na nje yao siyo moja."

Nimeshajibiwa na watu wengi maishani, wengi wao wamesoma. Sikuwahi kukosa la kurudisha. Safari hii nilipaza sauti tu, naye akapaza, shangazi akashika kichwa. Nilimwambia neno baya kuhusu mke wake ambalo sitaliandika. Akanijibu kwamba nina watu wengi wa kugombana nao magazetini, yeye nimbakize awe ndugu.

Bi Kabula akaingia, mikono ina povu.

"Pori nimelichukua mie," akasema.

Shabani akasema, "Bibi, siyo wakati wa—"

"Mtani wangu kafa. Mlidhani nitachukua kikombe? Nachukua pori. Mkilitaka mlikomboe."

Alikuwa hatanii, na alikuwa anatania. Shangazi akatuangalia, akaangalia pembeni kuficha kicheko, na wote tulijua kwamba tumefungwa. Kitu alichoshika mtani msibani hakinyang'anywi. Anakirudisha kwa anachotaka yeye, na ukimkasirikia, aibu ni yako na ya ukoo wako.

"Unataka nini?" nikamwuliza.

"Mnipeleke. Miaka yote huyu Mzaramo ananiambia Chanika, Chanika. Sijawahi kuiona. Mnipeleke nyote wawili, tukishuka kwenye basi twende kwa miguu, na mkifika huko ndipo mgombane. Hapa mnanipigia kelele na vyombo havijaisha."

Tukaenda, baba, Jumapili iliyofuata. Bi Kabula mbele na viatu vyako vya mvua, ambavyo hajavirudisha na sidhani atavirudisha. Rukia kamshika mkono. Mimi na Shabani nyuma, kila mtu na upande wake wa njia. Bi Kabula hakunyamaza. Aliuliza kama huu ndio msitu au ni majani ya mbuzi. Aliuliza kama Wazaramo wote wanaogopa umande au ni sisi tu. Tulipopita penye maua ya manjano Shabani akasema, bila kumlenga mtu, "Hapa ndipo baba alipokalia siafu." Nikacheka kabla sijakumbuka kwamba nimemnunia. Sikujua kisa hicho. Kilitokea nikiwa chuoni, na nilisimuliwa hapo kwa mara ya kwanza, jinsi ulivyoruka ukivua suruali mbele ya mchungaji aliyekuwa akipita kwa baiskeli, na ukamwamkia vizuri tu. Shabani alisimulia huku anafuta macho. Nilifikiri siku zote kwamba pori lile lilikuwa letu, wewe na mimi. Kumbe na yeye alikuwa na lake, miaka yote ile, na hakuwahi kuliandika popote.

Tulipima ardhi kwa kamba. Tulipima tena. Fundi wa Shabani alikuja, kijana mpole anayejua kazi, na mimi nikambana kama ninavyowabana watu. Nyumba isogee juu? Juu ni hifadhi ya barabara, hapawekwi msingi. Iteremke chini? Akanipeleka mpaka bondeni, akanionyesha alama ya maji kwenye vigogo, ikanifika kiunoni. Maji kama yale uliyoniuliza Tegeta, baba, yanakusanyika huko siku hizi, kutoka kwenye nyua zote zilizofunikwa. Pakavu na tambarare palikuwa mahali pamoja tu, chini ya mkongo, na mizizi ya mkongo ilikuwa imepashika pote. Nikamwambia ajenge kando yake. Akasema, kwa adabu, kwamba ndani ya mwaka mmoja ukuta utapasuka, na tawi likija na upepo litaangukia wanapolala watoto. Nilitafuta kosa katika maneno yake. Nilitafuta kwa muda mrefu, wote wakiningoja.

Ningeweza kukataa. Shabani asingeukata bila mimi, na hilo ndilo lililonishinda. Alikuwa na haki yake na alikuwa ameiweka mikononi mwangu. Nilimtazama Rukia, ambaye analala amekaa, anayelijua kila shimo la panya pale kuliko mimi. Nikasema, "Kateni." Bi Kabula akasema, "Basi mmelikomboa," akaenda kukaa na mgongo wake kwetu.

Sehemu ya bondeni ni fungu langu. Hiyo haitaguswa, na anayetaka kujaribu anajua ninapopatikana. Lakini sitakudanganya kwamba ni sawa. Ndege wakubwa hawashuki bondeni. Nilipokwenda juzi hondohondo walikuwa wanazunguka juu ya uwazi, wanazunguka tu, na jua linapiga mahali ambapo halijawahi kupiga tangu kabla sijazaliwa. Na bado nikiulizwa leo nitasema vile vile. Sikujua kwamba mtu anaweza kuwa na hakika na kuwa na huzuni kiasi hiki kwa wakati mmoja. Katika kazi yangu vitu hivyo viwili nilizoea kuvitenganisha.

Kuna moja bado. Asubuhi uliyokufa, Shabani alinipigia niwahi hospitali. Nilitoka Tegeta na magari yalikuwa yamesimama barabara nzima ya Bagamoyo, nikashuka nikatembea, nikapanda bodaboda, nikashuka tena. Nilikuwa bado njiani aliponipigia mara ya pili. Alisema, "Usikimbie, dada. Njoo taratibu." Yeye ndiye aliyekushika mkono. Mimi nilikukuta umeshafunikwa.

Kwa hiyo siku ya mkongo, mashine ilipowashwa, Shabani hakuweza kutazama. Alimchukua Rukia wakaenda mpaka barabarani, akageuka upande mwingine. Mafundi walidhani na mimi nitaondoka. Nikawaambia wafanye kazi yao. Nilisimama pale waliponiruhusu kusimama, na nilipokuwa karibu mno yule kijana aliniambia, "Mama, sogea," nikasogea kidogo, nikabaki. Vumbi la mkongo lilinijaa nywele. Sikupepesa macho. Nilikaa na mkongo mpaka ukashuka wote, mpaka na majani yaliyokuwa hewani yakatua.

Lala salama, baba.

Mwanao wa kwanza, wa Temeke